Mzee Takwimu Hataki Kuhitimu

Mimi sina ugomvi na elimu. Elimu ndiyo inayonilisha. Nina kibanda cha kuchapa na kujalidi karibu na lango la chuo kikuu, na kila mwaka tasnifu za watoto wa watu zinapita mikononi mwangu. Nazichapa, nazipanga kurasa, nazivisha jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu, na wenyewe wanaondoka wamezikumbatia, wengine wanalia, wengine wananibusu mimi ambaye hata simjui mama yao. Wananiita Mama Jalada, nami naitika. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja tu, na huyo tunalala kitanda kimoja.

Mume wangu ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ngoja, usicheke kwanza. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho nilipomjua. Alikuwa wa mwaka wa mwisho tulipooana. Nilipojifungua binti yetu, baba mtu alikuja wodini na mkoba wa vitabu begani, wa mwaka wa mwisho. Na mwaka huu binti huyo alipomaliza sekondari akachaguliwa kuingia chuo kikuu, chuo kile kile, kitivo kile kile, baba yake alikuwa bado wa mwaka wa mwisho. Masomo ya darasani aliyafaulu zamani, tena kwa alama za juu. Kilichobaki ni tasnifu tu. Hayo maneno "tasnifu tu" ni yake. Mimi nikiyasikia, presha inanipanda.

Tulivyojuana ni hivi. Alikuja kibandani kuchapa sura ya kwanza. Kijana mtanashati, shati limenyooka, ananiambia kwa sauti ya chini, "Dada, nifanyie haraka kidogo, namaliza mwezi huu." Mimi na akili zangu zote nikaamini. Nikachapa sura ya kwanza, nikaolewa kabla ya sura ya pili.

Chuoni wanamwita Mzee Takwimu. Ukimwona hutamdharau. Kalamu mfukoni, viatu vinang'aa, mwendo wa mtu anayesubiriwa mkutanoni. Kazi ya kutuletea chakula anaifanya vizuri, anafundisha hisabati watoto wa shule majumbani mwao, na wazazi wanamgombania. Lakini asubuhi lazima apitie chuoni kwanza. Chuo kikifunguliwa, wanafunzi wapya wanafika na masanduku na magodoro, wameduwaa, hawajui bweni liko wapi wala foleni ipi ni ya nini, na ni yeye anayewapokea. Anawaonyesha maktaba. Anawaonyesha choo chenye kitasa na kisicho na kitasa. Anawaambia mhadhiri gani husinzia na yupi anang'ata. Miaka inapita, wale wale wanakuja kwangu na tasnifu zao, wananiambia, "Mama Jalada, tusalimie mzee." Wao wanakwenda zao. Yeye anarudi langoni kupokea wengine.

Sasa nikuambie kilichomkwamisha. Wewe utacheka mpaka mbavu zikuume. Mimi nilishacheka nikamaliza. Utafiti wake unahusu kwa nini wanafunzi wanaingia chuo kikuu kwa wingi na kuhitimu kwa uchache. Haki ya Mungu, hiyo ndiyo mada yake. Mtu asiyetoka anachunguza kwa nini watu hawatoki.

Wala si mvivu, na hapo ndipo ninapochoka. Angekuwa mvivu ningemwamsha kwa kelele, yakaisha. Huyu anachapa kazi kuliko wote. Shida yake ni kwamba anataka takwimu ziwe mpya. Atakusanya wangapi wameandikishwa, wangapi wamehitimu, wangapi wameyeyuka na kwa sababu gani. Atachora jedwali lake kubwa, safu kwa safu, ataandika na hitimisho. Ataniletea. Mimi nawasha mashine, najaza karatasi, moyo unadunda kwa furaha. Mara chuo kinafunguliwa, masanduku na magodoro hayo yanaingia. "Ngoja kwanza, mke wangu," ataniambia. "Hawa nao wameingia. Jedwali limeshachakaa." Anarudi maktaba. Akimaliza kuwahesabu hao, mahafali yamefika, wengine wametoka, safu nyingine imebadilika. Akiirekebisha hiyo, lango linafunguliwa tena. Ni kama mtu anayefagia ua chini ya mti unaopukutisha majani, na kila jani likianguka anaanza upya kutokea mlangoni.

Wasimamizi wake nao nimewahurumia. Wa kwanza alimsubiri mpaka akastaafu. Wa pili alihamia chuo kingine, na watu wanasema si kwa ajili ya mshahara. Wa tatu, huyu wa sasa, ni mwanamke mchapakazi, daktari wa falsafa, miwani mikubwa na mguu mwepesi. Tatizo ni kwamba siku yake ya kwanza chuoni, akiwa msichana mdogo anayelilia kwao, aliyembebea godoro mpaka bwenini alikuwa mume wangu. Basi mume wangu akiingia ofisini kwake kusimamiwa, daktari anasimama.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mwalimu."

Halafu kaka anabaki amesimama ili mwalimu amkaripie, na mwalimu hajui aanzie wapi. Siku moja alikuja kibandani akajitupa kwenye kiti changu cha wateja. "Wifi," akaniambia, "nifanyeje na mumeo? Nikitaka kumfokea naliona lile godoro." Nikamwambia asahau hilo godoro, afoke.

Mambo yalichacha alipoteuliwa mkuu mpya wa kitivo. Huyo ni bwana wa vitendo, hana mzaha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubandika chati ukutani, pale kwenye ukumbi mwembamba nje ya ofisi yake. Kila kitivo na mihimili yake miwili: wa buluu ni wanaoingia, mwekundu ni wanaohitimu. Wa kwetu wa buluu ulikuwa unagusa dari, mwekundu kama jino la mtoto linaloanza kuota. Wageni wakipita wanauliza, na mkuu anaona aibu. Akatoa amri: kila aliyebakiza tasnifu aje aitetee kabla muhula mpya haujaanza, na asiyeitetea anafutwa, hakuna kuongezewa muda tena. Wanafunzi waliposoma tangazo, wote waligeuka kumtafuta mtu mmoja kwa macho.

Unajua mume wangu alifanya nini? Alisimama mbele ya ile chati akainakili yote. Akarudi nyumbani anatabasamu. "Umeona?" ananiambia. "Wameanza kutumia njia yangu."

"Wewe," nikamwambia, "wanakufukuza!"

"Naam, lakini kwa takwimu."

Hapo nilikuwa bado nachukulia kama kawaida yetu. Kilichoniondoa usingizini ni binti yetu. Kabla ya kujiandikisha alikwenda chuoni kuangalia mazingira, kavaa gauni lake zuri, kafurahi, anaimba tangu bafuni. Akapita mbele ya benchi ambalo vijana hukaa wakisubiri vipindi. Mmoja akamtambua. "Jamani, binti wa Mzee Takwimu! Karibu sana. Baba yako atakufundisha kuingia, kutoka utajua mwenyewe!" Benchi zima likaangua kicheko. Alirudi macho mekundu, tukakaa mezani kula. Akaweka kijiko chini.

"Baba, mimi sijiandikishi."

Mume wangu akafikiri hajasikia vizuri. "Unasemaje, mwanangu?"

"Ukihitimu, naingia. Usipohitimu, nafasi yangu wampe mwingine. Nitatafuta kazi yoyote. Siendi kukaa darasa moja na wewe nikawa kichekesho cha pili."

Nikamwambia ashike adabu yake, ndivyo mama anavyotakiwa kusema. Ukweli ni kwamba nilitaka kupiga makofi. Halafu nikaogopa, kwa sababu namjua. Huyo mtoto akisema hapana, ni hapana. Hata alipokuwa mdogo ukimlazimisha kula, anaweka chakula shavuni mpaka asubuhi. Nafasi ile aliisotea. Alisoma na homa, alisoma na taa ikikatika, na huyu baba yake akimfundisha hisabati kila jioni bila kuchoka. Na sasa nafasi yenyewe ilikuwa inaning'inia kwenye jedwali.

Nilimkalia mume wangu kooni. Daktari naye akamkalia upande wa pili. Akamwombea kikao cha mwisho kabisa, Ijumaa asubuhi, na dirisha la usajili wa wanafunzi wapya lilikuwa linafungwa Ijumaa hiyo hiyo alasiri. Kwa hiyo hesabu yetu, ya sisi tusio na takwimu, ilikuwa rahisi. Baba akishindwa asubuhi, mtoto amepoteza nafasi jioni.

Wiki ile, nakubali, alijitahidi. Alikuwa anaandika upande mmoja wa kibanda, mimi nachapa upande wa pili. Kila aliponyoosha mkono kuchukua tena ukurasa niliokwisha kuuchapa, nilimpiga kofi la vidole. "Weka nukta!" namwambia. "Nukta ni duara dogo tu, haikuumi." Wateja walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mpaka Alhamisi mchana kazi ilikuwa imechapwa yote, imepangwa, imetulia mezani. Nikaigusa kwa kiganja. Miaka yote nimevisha tasnifu za watu, ya mtu wangu sijawahi kuiona nzima.

Jioni ile, nafagia vipande vya karatasi ili nifunge, akaja akasimama mlangoni. Uso umemshuka.

"Mke wangu, jedwali la mwisho lina kosa."

"Kosa gani tena?"

"Mimi."

Nikaacha kufagia.

"Kwenye safu ya walioandikishwa na hawajahitimu," akaendelea, taratibu, kama anamweleza mtoto wa shule, "mimi nimo. Nilijihesabu. Nisingejihesabu ningekuwa nadanganya. Sasa kesho nikihitimu, safu ile inapungua mtu mmoja. Nitakuwa nimehitimu kwa tasnifu ya uongo."

"Basi punguza huyo mtu mmoja."

"Nikipunguza leo, kabla sijahitimu, ni uongo pia."

Nikaangalia fagio. Nikaangalia kichwa chake. Mungu mwenyewe alinishika mkono. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia, "Baba watoto, hebu njoo hapa. Nitazame. Ni jedwali, au ni wewe?"

Akakaa, anakunja kona ya karatasi na kuikunjua.

"Pale langoni watu wote wananijua," akasema. "Nikipita wananiamkia. Mgeni akifika, wanamwambia mtafute Mzee Takwimu. Nikishamaliza, nitapita pale kama nani?"

Nikamhurumia. Nikakasirika kwa sababu nimemhurumia, maana hasira yangu nilikuwa nimeitunza vizuri na nilikuwa na haja nayo. Nilitaka kumwambia neno zuri, halikuja. Nikamwambia kesho avae soksi zinazofanana, na akinifanyia mchezo kwenye kikao kile, asirudi nyumbani.

Ijumaa tulikwenda watatu. Binti alikataa kuja, halafu akaja. Chumba cha kikao ni kidogo, meza ndefu, feni inayozunguka kwa kusitasita, na kwa sababu ya joto mlango ulikuwa umeachwa wazi. Ndani walikaa watatu: daktari msimamizi, mkuu wa kitivo na mtahini wa nje, mzee mmoja mnene mpole aliyetoka chuo kingine. Mimi na binti tulikaa kwenye benchi la ukumbini, chini ya ile chati, tunasikia kila kitu. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu mapajani kama usukani.

Na huyo mtu, jamani, alisema! Hakusoma, alisema. Alieleza habari za vijana wanaoacha chuo kwa kukosa ada na wanaona haya kusema, wanaaga kwamba wanakwenda kuona wagonjwa. Alieleza habari za wasichana wanaopata mimba wakaambiwa warudi baadaye, na hiyo baadaye hakuna anayeijua. Alieleza habari za wanaofeli somo moja wakajiona bure kabisa. Alikuwa anawajua mmoja mmoja, aliwahi kuwabebea mizigo wakija na wengine wakiondoka. Mkuu wa kitivo aliacha kuangalia saa. Binti yangu alikuwa amejifanya anatazama ukuta, lakini shingo yote imegeukia mlangoni.

Mtahini wa nje akauliza, kwa upole, "Utafiti huu, ndugu yangu, uliuanza lini?"

Mume wangu akamtajia mwaka.

Kalamu ya mkuu wa kitivo ilianguka. "Mwaka huo," akasema, "mimi nilikuwa nimevaa kaptura ya shule."

Wakacheka, na yeye akacheka nao, nikaanza kupumua. Maswali mengine akayajibu kama anakula njugu. Daktari akafunga faili lake, amejaa tabasamu. Akasema maneno ambayo kila msimamizi huyasema mwishoni, maneno ya adabu tu, hayana maana yoyote. "Je, una lolote la kuongeza?"

Nikafumba macho. Usiseme, naomba moyoni. Sema ahsante ukae. Usiseme.

"Ndiyo," akasema mume wangu. "Jedwali la mwisho lina kosa."

Akalieleza lote. Safu, mtu mmoja, uongo wa leo na uongo wa kesho. Daktari alilaza paji la uso mezani, nikasikia miwani ikigonga mbao. Mkuu wa kitivo akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia kwamba kila utafiti una tarehe yake ya kukomea, na wenye akili huridhika nayo. Mume wangu akasema anaelewa, tena anaheshimu, lakini yeye ameandika sura nzima inayowalaumu watu wanaopamba takwimu. "Kwa hiyo," akasema, "naomba mwaka mmoja tu, nilirekebishe."

Mwaka mmoja tu! Nilisimama na mkoba wangu. Mpaka leo sijui nilikuwa nakwenda kuufanyia nini, nafikiri nilikuwa nakwenda kumpiga nao. Lakini mlangoni nilikuta binti ameshanitangulia.

"Shikamooni," akasema. Hata kwenye hasira aliamkia. Huyo nimemlea mimi.

"Marahaba," wakaitika wote watatu, kwa mshangao.

"Binti, hiki ni kikao rasmi," mkuu akaanza.

"Najua, nisameheni. Mimi ni mtoto wake." Akamgeukia baba yake. "Baba, kwenye ile safu ya walioandikishwa na hawajahitimu, wewe ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Ukihitimu, panabaki pengo la mtu mmoja."

"Ndivyo."

"Basi niweke mimi. Dirisha la usajili lipo hapo chini. Nikiandikishwa leo, nitakuwa nimeandikishwa na sijahitimu, wala sitahitimu leo wala kesho. Wewe utoke, mimi niingie. Hesabu yako haitikisiki."

Mume wangu akatoa penseli mfukoni. Naapa kwa jina la mama yangu, alitoa penseli akaanza kupiga hesabu.

"Utajiandikisha saa ngapi?" akamuuliza.

"Baba!"

"Nauliza kwa sababu ikiwa ni kabla hawajanipitisha, patakuwa na mtu mmoja wa ziada."

"Mume wangu!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. Mtahini wa nje alikuwa amevua miwani, machozi yanamtiririka, tumbo linaruka. Mkuu wa kitivo ndiye aliyebaki na uso wake, ingawa masharubu yalikuwa yanacheza. "Tutampitisha yeye kwanza," akasema. "Wewe binti utashuka dirishani baadaye. Utaratibu huo unakufaa, ndugu?"

Mume wangu akaangalia karatasi yake. Hesabu ilikuwa imekubali, niliiona kwenye uso wake. Lakini hakusema ndiyo. Alisimama tu na penseli yake, anatafuta kosa lingine, na mimi nikajua jedwali halikuwahi kuwa jedwali.

Binti naye alijua. Sauti yake ikabadilika, ile ya ukali ikaisha, ikabaki ya mtoto.

"Baba, watoto wote wa watu umewapokea pale langoni," akasema. "Mimi sitaki kupokewa na mwanafunzi mwenzangu. Mimi nataka nipelekwe na baba yangu."

Mume wangu akamtazama. Akarudisha penseli mfukoni, akakosa mfuko mara ya kwanza, akaipata mara ya pili.

"Waheshimiwa," akawaambia wale watatu, "ombi langu la mwaka mmoja naliondoa."

"Halijawahi kupokelewa," mkuu akasema haraka.

Walitutoa nje wajadiliane, na kabla hatujakaa vizuri kwenye benchi wakatuita. Wamempitisha. Kulikuwa na marekebisho madogo madogo ya tahajia, na mkuu wa kitivo akanikabidhi mimi, si yeye. "Mama, wewe ndiye utakayeyaingiza," akaniambia. "Huyu asishike hata ukurasa." Daktari alimkumbatia mume wangu na kulia kwenye shati lake lililopigwa pasi. Akamwita kaka, halafu akajirekebisha akamwita mhitimu, halafu akarudi kwenye kaka.

Ndipo nikakumbuka dirisha, na kikao kilikuwa kimekula muda mpaka alasiri. Tuliteremka ngazi mbio, mimi na mwili wangu huu, viatu mkononi, binti mbele na vyeti vyake kifuani, mume wangu nyuma anatuhimiza tuwe waangalifu na ngazi ya chini iliyobomoka. Kwenye foleni walikuwa wamebaki watu wachache wa mwisho mwisho. Tukafika zamu yetu. Karani wa usajili, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya kuchoka, hakuinua hata kichwa. Alisikia sauti yake au mwendo wake, sijui, lakini alimjua. Akavuta karatasi kutoka chini ya meza na kuisukuma dirishani.

"Mzee Takwimu, fomu yako ya kuendelea nilikuwekea," akasema. "Jaza upesi, nafunga."

Mume wangu akaitazama ile karatasi. Mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshafika juu yake. Akaurudisha. Akamshika binti begani, akamsogeza mbele, mpaka uso wa mtoto ukawa ndio uliojaa dirisha.

"Leo si mimi, mama," akamwambia. "Nimemleta binti yangu."

Karani akainua kichwa. "Na wewe?"

Watu wa nyuma kwenye foleni walikuwa wamenyoosha shingo.

"Mimi nimemaliza," akasema.

Nililia pale pale mbele za watu, viatu mkononi, wala sikuona haya.